Matende Kusini: Ugonjwa Unaoelewana na Mwenyeji Wake

Mkoani Lindi, kuanzia pwani hadi Nambambo wilayani Nachingwea na vijiji vya Ruangwa, matende na mabusha si habari ngeni. Kuna waliosema busha huletwa na madafu, na wengine wakasema ni kurogwa. Jambo lililochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni hili: kwa nini mmoja huvimba mguu, ilhali jirani yake mwenye vimelea tele katika damu anapalilia mikorosho yake bila kuhisi lolote?

Mwaka 1877 Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa Amoy, China, alionyesha kuwa mbu hufyonza watoto wa minyoo inayosababisha matende pamoja na damu, nao hukua ndani yake. Afrika Mashariki, utafiti wa minyoo hii ulipata makao Mwanza mwaka 1949, katika kituo ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kazi yenyewe ilikuwa ya usiku. Mchana vimelea wachanga hukaa zaidi mapafuni, na kuanzia saa nne usiku hujaa katika damu ya pembeni, wakati ule ule mbu wanapouma. Mpimaji hutoboa kidole, hutandaza damu juu ya kioo, huikausha na kuitia rangi. Kwenye darubini kimelea huonekana kama uzi uliopinda, umevikwa ala nyembamba.

Darubini ilitoa hesabu, lakini swali lilibaki pale pale. Jibu lilianza kupatikana kwingine. Mwaka 1961, jijini London, Jacques Miller aliwatoa panya wachanga tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, akaona kinga yao imeporomoka. Seli zinazokomaa katika tezi hiyo ndizo seli T, zinazoongoza mapambano ya mwili. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alieleza kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuzuia seli nyingine zisipitilize. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2025, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Kwa elimu hiyo ya seli T, fumbo la majirani wawili likaanza kufunguka. Mnyoo mzima huishi miaka kadhaa katika mishipa ya limfu, na hawezi kudumu hivyo bila kuituliza kinga. Seli T za mtu mwenye vimelea wengi asiye na dalili, zikikutanishwa na protini za mnyoo maabarani, huitikia kwa unyonge, na kemikali ya kutuliza iitwayo intaleukini-10 huwa nyingi. Kwa mwenye matende mambo hugeuka: seli T huja juu, na mara nyingi damu yake haina vimelea tena. Sehemu ya uvimbe wake hutokana na ukali wa kinga yenyewe, kisha bakteria wanaopenya kwenye michubuko ya ngozi huzidisha madhara.

Je, asiyevimba amesalimika? Utafiti wa wilayani Kyela uliochapishwa mwaka 2016 unakataa. Wenye minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU zaidi ya mara mbili ya wasio nayo. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Mkunde Chachage, wakaeleza kuwa makundi ya seli T yaitwayo CD4 na CD8, kwa wenye minyoo, yalikuwa yameamshwa zaidi. Seli za CD4 ndizo VVU huvamia, na zilizoamshwa huvamiwa kwa urahisi. Kumbe kinga iliyomstahimili mnyoo haikuwa imelala.

Mwaka 2000 Tanzania ilianza kingatiba, yaani ugawaji wa dawa kwa jamii nzima, kisiwani Mafia, kisha ikaipeleka mikoa mingine. Mtu husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, urefu wake ukaamua idadi ya vidonge vya ivermektini, na huongezewa kidonge cha albendazo. Dawa hizi huua hasa vimelea wachanga, wala hazimmalizi mnyoo mzima kwa mara moja. Ndiyo maana humezwa kila mwaka kwa miaka kadhaa.

Wapo wanaokataa kwa hoja ya "mimi mzima". Historia yote hii inaonyesha kuwa mzima huyo ndiye anayeweza kuwalisha mbu vimelea kila usiku. Kingatiba ikitangazwa kwenu, asiyevimba ameze pamoja na aliyevimba.