Amfibia: maisha mawili, si makao mawili

Mara nyingi amfibia hufasiriwa kuwa "mnyama aishiye majini na nchi kavu". Nenda na fasiri hiyo kwenye delta ya mto Rusizi, kando tu ya Bujumbura, uone itakavyokwama. Mamba huota jua mchangani, usiku akawinda majini. Kiboko hushinda ziwani, giza likiingia akapanda kula majani. Wote wana makao mawili, wala hakuna aliye amfibia: mamba ni reptilia, kiboko ni mamalia.

Kwa Kigiriki, *amphi* ni pande zote mbili na *bios* ni maisha. Maisha, si makao. Chura ndiye mwenye maisha mawili hasa. Huanza akiwa kiluwiluwi mwenye mkia, akipumua kwa matamvua kama samaki; baadaye miguu huota, mkia hunywea, mapafu hushika kazi. Hata akikomaa, sehemu ya hewa yake hupitia kwenye ngozi, ndiyo maana ngozi hiyo ikikauka hufa. Mayai yake nayo hayana ganda, ni ute mtupu. Yaache juani saa chache yameharibika.

Mamba huishi maisha mamoja. Jike huchimba shimo ukingoni, akataga mayai hamsini hivi, akayafukia na kuyalinda kwa karibu miezi mitatu. Ndani ya ganda gumu mna maji yote anayohitaji mtoto, na joto la mchanga ndilo huamua awe dume au jike. Akianguliwa ni mamba kamili, na anapumua kwa mapafu.

Kwa hiyo hata "mtambaazi", neno litumikalo kwa reptilia, sioni kama linatosha: tandu hutambaa, na si ndugu wa mamba. Kenge, kobe na mamba wanaunganishwa na magamba yanayozuia maji kupotea mwilini, na yai lililoumbwa kwa ajili ya nchi kavu. Ningeandika reptilia, na amfibia ningemfasiri "mnyama wa maisha mawili".

Tofauti hii huonekana wakati wa mafuriko. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika eneo la Gatumba, karibu na Bujumbura, na kuwatoa watu makwao. Maji ya namna hiyo yakituama, chura hupata madimbwi ya kutagia. Lakini yai la mamba hupumua kupitia vitundu vya ganda. Kiota kikifunikwa na maji, mtoto aliyemo hukosa hewa akafa.