Waliovishwa Jina la Marehemu

Bruce Lee alipofariki mjini Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, filamu yake iliyokuja kupata sifa kuliko zote, Enter the Dragon, ilikuwa haijaonyeshwa hadharani. Na ilipotoka huko Marekani mwezi uliofuata, watu walioduwaa kwa wepesi wa mikono yake walikuwa wakimtazama mtu aliyekwisha zikwa, ambaye tangu aliporejea Hong Kong kutafuta riziki ya uigizaji alikuwa amekamilisha filamu nne tu. Hamu ya watazamaji ilikuwa kubwa mno kutoshelezwa na filamu nne, na maadamu mwenyewe hayupo tena, matajiri wadogo wa Hong Kong, Taiwan na Korea walianza kumtafuta wa kufanana naye.

Ufundi wa senema wa Hong Kong wa zama zile uliwarahisishia kazi. Aghalabu picha zilipigwa bila sauti, kisha maneno, vilio na vishindo vya ngumi vikatiwa baadaye, hata filamu ikaweza kuuzwa kwa lugha yoyote bila ya mchezaji kujua neno lake hata moja. Wanunuzi wa nchi za nje nao walibadili anwani za filamu wapendavyo, na ile ile moja ikazunguka ulimwengu kwa majina mbalimbali, ikaingia hata Afrika Mashariki, katika majumba ya senema na baadaye katika vibanda vya video.

Lakini dhuluma yenyewe, kwa maoni yangu, haikuwa katika anwani za filamu, bali katika majina ya watu. Ho Chung-tao wa Taiwan, kijana mwenye viungo vyepesi na ustadi wake mwenyewe, aliandikwa kwenye mabango kuwa Bruce Li. Huang Kin-lung, mzaliwa wa Burma, akawa Bruce Le. Na Mkorea Moon Kyung-seok akaitwa Dragon Lee. Tofauti ndogo tu ya herufi au ya jina ndiyo iliyomtenga aliye hai na aliyekufa, nayo iliwekwa makusudi ili mpita njia asiitambue kwa haraka. Wakavishwa miwani myeusi, wakafundishwa kupangusa pua kwa kidole gumba, kulia kwa ile sauti nyembamba, na kuzungusha vile vigongo viwili vilivyoungwa kwa mnyororo. Na kila walipopigana vizuri, na mara nyingi walipigana vizuri sana, sifa ilikwenda kwa marehemu.

Wako wasemao kwamba huo ulikuwa uhuni wa makampuni maskini tu. Hawajaitazama Game of Death. Lee aliianza mwaka 1972, akapiga mapambano ya ndani ya mnara, likiwemo lile la yeye na Kareem Abdul-Jabbar, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyemzidi kimo kupita kiasi, kisha akaiacha ili afanye Enter the Dragon, asiirudie tena. Mwaka 1975 waigaji walikwisha toa filamu yao iliyomwonyesha Ho akipanda mnara wa namna hiyo hiyo, amevaa suti ya manjano. Hivyo kivuli kilimtangulia mwenye kivuli kwa miaka mitatu mizima. Ndipo mwaka 1978 Golden Harvest, kampuni ile ile iliyomtukuza Lee, ilipotoa Game of Death yake, ambayo ndani yake Lee halisi anapigana kwa muda wa dakika kumi na kitu tu, na sehemu kubwa iliyosalia imechezwa na watu wa badala, akiwamo Mkorea Kim Tai-chung. Kuna mahali ambapo shujaa ameketi mbele ya kioo, na uso unaoonekana ni picha ya Lee iliyokatwa na kubandikwa juu ya kioo chenyewe, haigeuki wala haipepesi macho, ilhali mabega yaliyo chini yake yanasogea. Na mahali pengine wakatia picha za mazishi yake ya kweli, jeneza likiwa wazi na uso wake ukionekana. Hakuna mwigaji wa Taiwan aliyethubutu kuchukua zaidi ya hapo.

Mbele ya jambo hilo, visa vya waigaji vinaonekana vya utani wa kitoto. Katika The Dragon Lives Again ya mwaka 1977, Lee anashuka kuzimu, akakutana na Dracula, James Bond na Popeye. Na katika The Clones of Bruce Lee ya mwaka 1980, mganga wa kisasa anatengeneza Lee watatu kutokana na maiti yake, nao wanapelekwa kupambana na waovu. Naipenda filamu hii ya pili kuliko inavyostahili, kwani ndiyo pekee iliyoungama waziwazi biashara iliyoizaa.

Kilichoua soko hilo hakikuwa sheria. Mwaka 1976 mwongozaji Lo Wei alimtaka kijana Jackie Chan, ambaye miaka minne nyuma alikuwa mmoja wa warukaji na waangukaji wasiotajwa katika Fist of Fury ya Lee, awe Lee mpya katika New Fist of Fury, na watazamaji wakamkataa. Miaka miwili baadaye Chan, akiongozwa na Yuen Woo-ping katika Drunken Master, alipigana akipepesuka kama mlevi, akaumia, akalia, akachekesha, kwa namna yake mwenyewe. Na wanunuzi waliokuwa wakiulizia Bruce wa pili wakaanza kuulizia Chan wa pili.