Gari la dizeli lililoingiwa na maji: hatua za kuokoa injini

Kusini-magharibi mwa Uganda mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II, barabara nyingi za ndani ni za udongo, na sehemu za mabondeni hujaa maji kwa muda mfupi. Magari yanayopita huko mara nyingi ni Land Cruiser na Hilux za zamani. Ndiyo yanayobeba mahindi na maharage kwenda sokoni, na usiku ndiyo yanayompeleka mgonjwa hospitali. Mengi hayana bima ya kulipia injini, na pengine gari moja limenunuliwa kwa michango ya watu kadhaa.

Makala haya yanaeleza la kufanya gari la namna hiyo linapozimika majini. Jambo la kwanza kukumbuka ni hili: injini nyingi haziharibiwi na maji yenyewe, zinaharibiwa na dereva anayejaribu kuwasha tena.

Kwa nini usiwashe

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka inakuwa moto sana, kisha dizeli inanyunyiziwa humo na kuwaka. Injini ya 1HZ, ambayo imo katika Land Cruiser nyingi za kazi, ina silinda 6 na hubana hewa zaidi ya mara 20. Hewa hukubali kubanwa, lakini maji hayakubali. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake, haina pa kuyapeleka. Nguvu yote hurudi kwenye konrodi, nayo hupinda au huvunjika. Konrodi ikivunjika inaweza kutoboa bloku, na hapo hakuna tena matengenezo ya kawaida. Unatafuta injini nyingine.

Kwa hiyo gari likizimika majini:

1. Usiguse stata, hata mara moja.
2. Toa watu kwanza, hasa kama maji yanatembea na yanaendelea kupanda.
3. Ukiweza kuifikia betri bila hatari, chomoa waya wa hasi.
4. Weka gia huru, kisha livute gari hadi mahali pakavu. Usilisukume wala kulivuta ili liwake. Hiyo ni hatari sawa na stata.

Chunguza kabla ya kufungua

Gari likiwa pakavu, mambo mawili yatakuambia maji yamefika wapi.

Fungua kasha la chujio la hewa. Kama chujio ni kikavu na ndani ya kasha hakuna tope wala maji, huenda injini haikuvuta maji. Kama kimelowa, chukulia kwamba maji yameingia kwenye silinda mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kisha chomoa stiki ya oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Kiwango cha oili kikiwa juu kuliko kawaida, hiyo pia ni dalili ya maji. Kumbuka kwamba maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini. Stiki inaweza kuonyesha oili safi kumbe maji yamelala kwenye sampu. Baada ya gari kutulia kwa saa chache, legeza nati ya kumwagia oili polepole. Kama maji yamo, ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Kutoa maji kwenye silinda

Kazi hii ifanywe mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Maji, hasa yenye tope, huanza kuleta kutu kwenye kuta za silinda haraka, na ringi za pistoni zinaweza kuganda.

Fungua hita plagi zote. Katika injini zisizo na hita plagi, fungua nozeli. Safisha kwanza kuzunguka kila tundu ili mchanga usidondoke ndani. Zipange kwa mfuatano ili kila moja irudi kwenye silinda yake.

Weka spana kwenye boliti ya puli ya krenki na uzungushe injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Mizunguko miwili inatosha kila pistoni kupita hatua zake zote nne. Maji yatatoka kwenye matundu. Ukihisi imekwama mahali, usilazimishe; tafuta kwanza kinachozuia.

Ikizunguka vizuri, chomoa waya wa swichi ya mafuta kwenye pampu ya nozeli ili dizeli isipite, rudisha betri, kisha tumia stata kwa sekunde chache kwa wakati mmoja. Wote wasimame mbali na matundu, na hasa uso usiwe mbele yake, kwa sababu maji hutoka kwa nguvu. Rudia mpaka kitoke hewa tupu. Mimina oili safi kidogo sana, kama kijiko kimoja, kwenye kila silinda na uzungushe tena.

Kama huna vipuri na gari litasubiri wiki nzima, usiliache na maji ndani. Toa maji, weka oili kwenye silinda, na uzungushe krenki kwa mkono kila siku. Matundu yafunikwe kwa kitambaa safi.

Mfumo wa mafuta

Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya nozeli. Maji yakikaa humo, vyuma vyake vilivyosagwa kwa vipimo vidogo sana hushika kutu. Hii ni sehemu ya bei kubwa, na haitengenezwi chini ya mwembe. Inahitaji karakana yenye mashine ya kupimia pampu.

Fungua tangi na utoe yote yaliyomo. Mwaga maji kwenye kitenganishi, weka chujio jipya la dizeli, jaza dizeli safi, kisha toa hewa kwa kutumia pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Usiweke kamwe mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza. Dizeli yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi. Jeraha laweza kuonekana dogo kama la sindano, lakini mtu huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Weka oili mpya na chujio jipya la oili. Kwa mara ya kwanza oili ya bei nafuu inatosha, kwa sababu utaimwaga. Kausha mabomba yote ya kupitishia hewa, na usisahau sehemu za chini ambako maji hujificha. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi. Fungua mfuniko wake uone kama tope limeingia.

Washia gari nje, si ndani ya banda lililofungwa. Uwe na kipande cha ubao tambarare mkononi. Kama kuna oili au dizeli nyingi iliyobaki kwenye njia ya hewa, injini inaweza kupanda mbio yenyewe na kukataa kuzimika kwa ufunguo. Hapo ziba njia ya hewa kwa ubao, si kwa mkono wala kitambaa.

Iache ingurume polepole kwa dakika 15, zima, na uangalie oili. Kama imekuwa nyeupe, mwaga na uweke nyingine. Rudia mpaka ibaki na rangi yake. Kama kila mara inarudi kuwa nyeupe na maji ya rejeta yanapungua, tatizo si la mafuriko tena. Huenda gasketi ya hedi au kipoza oili kimepasuka.

Sikiliza pia. Injini inayogonga kwa mdundo mmoja, inayotetemeka au inayotoa moshi kutoka silinda moja huenda ina konrodi iliyopinda. Pima mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hedi ifunguliwe. Konrodi iliyopinda haipigwi nyundo ikanyooka, inabadilishwa. Ukiendelea kuendesha hivyo, itakatika siku gari limebeba watu.

Sehemu zinazosahaulika

Giaboksi na difu zina matundu madogo ya kupumulia. Difu iliyopata moto barabarani ikizama ghafla kwenye maji baridi, huyavuta ndani. Kagua oili zake pia. Fungua beringi za magurudumu, zisafishe na kuweka grisi mpya. Stata na altaneta zisafishwe kwa maji safi kuondoa tope, zikaushwe kabisa, ndipo zirudishwe. Jaribu breki kwa mwendo mdogo kabla ya kubeba abiria.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala karibu na kisima, bwawa au ziwa. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, lililoandikwa, mbali na watoto. Dumu hilo lisitumike tena kuchotea maji.

Kutengeneza au kuacha?

Kabla ya kununua chochote, fanya hesabu pamoja na wote wenye hisa katika gari. Kama krenki inazunguka vizuri na mgandamizo uko sawa, gharama kubwa itakuwa oili, machujio na muda. Kama bloku imetoboka au pampu imeshika kutu, ulizia kwanza bei ya injini iliyotumika, kisha ulinganishe. Kukopa pesa za kutengeneza kabla ya injini kufunguliwa na kupimwa ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Na mvua ijayo, kabla ya kuvuka, simama. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi. Kama huoni chini na maji yanakwenda kwa kasi, subiri. Mzigo wa mahindi ukichelewa hadi asubuhi, bado utauzika.