Utayari wa Akili wa Polisi Huanzia Kwenye Ratiba ya Zamu

Novemba 2010, askari polisi mmoja aliwaua watu 10 mjini Siakago kwa bunduki ya serikali. Desemba 2021, huko Kabete, mwingine alimuua mkewe na watu wengine kadhaa, kisha akajiua. Kila mkasa wa namna hii ukitokea nchini Kenya, jawabu huwa lile lile: askari wapewe ushauri nasaha. Siupingi. Ninachopinga ni kuuhesabu kuwa ndio utayari wa akili, ilhali mara nyingi humfikia askari akiwa ameshavunjika, na wapo wasiouendea kwa kuhofia kupokonywa silaha au kurukwa wakati wa kupandishwa vyeo.

Utayari wa akili ni uwezo wa kuona, kupima na kuamua moyo ukiwa unadunda. Majaribio ya Yerkes na Dodson ya mwaka 1908, ingawa yalihusu panya, yaliacha hoja ambayo bado ina uzito: msisimko husaidia hadi kiwango fulani, kisha hudhuru, na kazi ikiwa ngumu madhara huja mapema zaidi. Kumkimbiza mtu ni kazi nyepesi. Kutambua gizani kwamba alichoshika kijana ni simu wala si bastola, hiyo ni ngumu. Hofu ile ile inayoipa miguu nguvu huyabana macho yakaona kitu kimoja tu, na masikio yakaacha kusikia amri. Kwa hiyo askari anayelenga shabaha vizuri katika chuo cha polisi cha Kiganjo, mchana, akiwa amelala na kushiba, bado hajatuambia atakuwaje saa tisa ya usiku.

Mafunzo yanaweza kusaidia. Mwaka 2016, Andersen na Gustafsberg walichapisha utafiti kuhusu polisi wa kikosi maalumu cha Finland: waliofundishwa kutawala pumzi na mapigo ya moyo waliamua vizuri zaidi lini wapige risasi na lini wajizuie. Zoezi hilo halina gharama kubwa, na lingefaa kufundishwa kwetu.

Lakini pumzi haizibi pengo la usingizi. Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kuwa mtu aliyekesha saa 17 hutenda kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Hakuna mkuu wa kituo atakayekiri kumpa bunduki mlevi. Aliyetoka lindo la usiku na kupelekwa moja kwa moja kwenye maandamano, huyo hupewa, na jina lake huandikwa kwenye daftari la silaha.

Hata walioiva kimafunzo hukwamishwa na mfumo. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ofisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa nchi yake, kwa kukosekana uratibu.

Jopo la mageuzi ya polisi lililoongozwa na Jaji Maraga, lililokabidhi ripoti yake Novemba 2023, lilizungumzia mishahara, makazi na afya ya akili ya polisi. Mimi ningeongeza jambo moja: kila polisi anapofyatua risasi, wachunguzi waanze kwa kudai ratiba ya zamu ya siku tatu zilizotangulia. Haitamwondolea lawama aliyefyatua. Itamwongeza kwenye orodha ya wanaohojiwa yule aliyeitia sahihi.