Mshahara wa Serikali, Kutoka Same

Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Walikuwa wanaikataa mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Machifu na makarani wao walioisimamia walilipwa mishahara kutoka hazina hiyohiyo ya wenyeji iliyojazwa na kodi. Wanawake nao waliandamana, na mwishowe kodi ikaondolewa. Kwa maoni yangu, suala la nani anamlipa mtumishi wa umma, na kwa idhini ya nani, halijawahi kusemwa wazi kuliko siku zile.

Watumishi wenyewe walikuwa wamejipanga mapema. Martin Kayamba alianzisha chama chao Tanga mwaka 1922. Miaka ya hamsini Rashidi Kawawa aliwaongoza makarani wa serikali, kisha akawa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lilipoundwa 1955. Ni Kawawa huyohuyo, akiwa Waziri Mkuu mwaka 1962, ambaye serikali yake ilipitisha sheria za kubana migomo na kuipeleka migogoro kwa wasuluhishi. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, vyama vyote vya wafanyakazi vikavunjwa, kikabaki kimoja tu cha kitaifa, NUTA. Mwaka 1967 ikaja Mahakama ya Kudumu ya Kazi, na makubaliano ya mishahara yakahitaji kibali chake.

Kisha bei zikapanda. Bajeti ya 1984 ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, huko Upare, iliondoa ruzuku ya sembe na kupandisha kima cha chini cha mshahara. Alichoongezewa karani kwa mkono mmoja kilichukuliwa dukani.

Vyama huru vilirudi miaka ya tisini, Chama cha Walimu (CWT) kikiwamo. Sheria ya 2003 ikaunda mabaraza ya majadiliano katika utumishi wa umma. Hata hivyo, Julai 30, 2012 walimu waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 100. Siku chache baadaye mahakama ikawaamuru warudi darasani.

Mwalimu wa cheti anayeanza kazi Gonja, wilayani Same, huingia daraja la mshahara la TGTS B, sawa na mwenzake wa Dar es Salaam. Mei Mosi 2025, Singida, Rais alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni nyongeza kubwa na stahiki. Lakini mtumishi anastahili pia kujua, kabla ya tangazo la jukwaani, chama chake kiliomba nini barazani na kilijibiwa nini. Vyama vianze kumweleza.