Boma

Neno boma, ambalo leo Tanzania humkumbusha msomaji ofisi ya mkuu wa wilaya, na kwa wafugaji zizi la ng'ombe, maana yake ya kadimu ni kizuizi kinachohifadhi watu na mali, kiwe cha miti, miiba, udongo au matofali. Na kwa maana hiyo ndipo tunapofahamu maboma ya wafanyabiashara waungwana wa Kasongo na Kabambare, yaliyotwaliwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, la kwanza Aprili 1893, la pili Januari 1894. Mashariki ya maboma hayo, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, boma la Mpala, lililoasisiwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, lilikabidhiwa mwaka 1885 kwa Mapadre Weupe, hata sala zikasaliwa ndani ya kuta zilizokusudiwa vita, na Kapteni Léopold Joubert, aliyepata kuwa askari wa Papa, akaja mwaka 1887 kuihami misheni. Basi kanisa lililozungukwa na ukuta tuliite kanisa lenye boma. Bali lile ambalo kuta zake zenyewe ndizo silaha yake, hilo ni ngome.