Asili ya Neno "Kugawa"

Wasikilizaji wetu, neno kugawa ni la asili ya Kibantu. Waganda husema okugaba, yaani kutoa au kupa watu. Ile b yao kwetu imelainika ikawa w. Maana yake ya kale ni kutoa mafungu.

Shina hilo moja limezaa maneno mengi. Kugawia ni kumpa mtu fungu lake. Kugawana ni watu kupeana mafungu wao kwa wao. Kugawanya ni kukata kitu sehemu sehemu, nalo ndilo neno la hesabu shuleni.

Tofauti hizi si ndogo. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana, na mto Songwe, ule uingiao katika Ziwa Nyasa, ukafanywa mpaka. Wao waligawana. Lakini Wanyakyusa wa ng'ambo hii na Wangonde wa ng'ambo ile, walio ndugu kwa lugha na mila, waligawanywa, wala hawakuulizwa.

Basi tusikiapo habari ya mgawo wo wote, wa shamba au wa urithi, na tuulize kwanza: wenyewe wanagawana, au wanagawanywa?